Kukaa Macho, Si Kuamka Tu

Wanachama wenzetu na walimu wetu, katika toleo hili tunataka kutetea jambo linaloonekana dogo: namna tunavyolitafsiri kwa Kiswahili neno la Kiingereza "woke". Neno hilo limezaliwa na kitenzi cha kila siku, "wake", ambacho mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hufundishwa kuwa ni "kuamka", na somo likaishia hapo. Msimamo wetu ni kwamba "woke" si "aliyeamka", si "mwenye mwamko", wala halina haja ya kuingia katika Kiswahili kama lilivyo. Kiswahili kinalo neno lake tayari, nalo ni "kukaa macho". Tutaeleza kwa nini tunasema hivyo, na kwa nini uchaguzi huu unatuhusu sisi wa chama hiki, tunaosoma na kuishi Marekani, kuliko Waswahili wa mahali pengine.

Tuanze na kitenzi chenyewe. Kiingereza kina vitenzi vinne vya ukoo mmoja kwa kazi hii: "wake", "waken", "awake" na "awaken". Hata wenyeji hubabaika navyo wakiandika. "Wake" ndicho cha kila siku, na mara nyingi hufuatwa na "up". Wakati uliopita kinakuwa "woke", na kikifuata "have" kinakuwa "woken". "Awaken" kina harufu ya vitabu, na hupendelewa pale panapoamshwa hisia, hamu au kumbukumbu. "Awake" siku hizi hutumika zaidi kama kivumishi, kwa maana ya kuwa macho, na kivumishi hicho ni kikaidi: hukubali kukaa baada ya kitenzi, lakini hakipendi kutangulia nomino. Tena Kiingereza hutenganisha kuamka na kuondoka kitandani. "Wake up" ni kufumbua macho. "Get up" ni kuinuka na kuianza siku. Kwetu "nimeamka" huweza kubeba yote mawili. Mwenzetu aliyefumbua macho saa moja asubuhi ya Jumamosi, akabaki chini ya blanketi na simu yake mpaka saa nne, anaweza kusema bila uongo wowote kwamba ameamka saa nne.

Wataalamu wa historia ya lugha wanatueleza kuwa "wake" ya leo ni vitenzi viwili vya Kiingereza cha kale vilivyokuja kuungana. Kimoja kilikuwa na maana ya kutoka usingizini. Cha pili kilikuwa na maana ya kukaa bila kulala, yaani kukesha na kulinda. Neno "watch", la kulinda na la saa ya mkononi, ni la ukoo huohuo. Mpaka leo Waayalandi huita "wake" ule mkusanyiko wa ndugu na majirani wanaokaa na maiti kabla ya mazishi. Mtu wa Dar es Salaam angesema wanakesha msibani; wa Mombasa au wa Lubumbashi angesema wako matangani. Kwa hiyo tangu zamani kitenzi hiki kina pande mbili: kuuacha usingizi uliokwisha kukuchukua, na kuukataa usingizi usikuchukue. Anayefundishwa "amka" peke yake amefundishwa upande mmoja tu, na kama tutakavyoona, upande aliokosa ndio unaobeba habari ya "woke".

Kiswahili nacho si maskini katika uwanja huu. Tunaamka na kuamshana. Tunadamka na kurauka, tukiwa na safari au shamba linalosubiri. Tunagutuka na kukurupuka, tukishtuliwa. Tunazinduka tukitoka katika kuzimia, katika njozi, au katika udanganyifu wa mtu aliyetupumbaza. Tunakesha, kwa ngoma, kwa ibada, kwa mgonjwa au kwa mtihani wa kesho. Kumwamkia mtu ni kumsalimu, na maamkizi ni salamu, maana kwa desturi yetu ukikutana na mtu asubuhi jambo la kwanza ni kutaka kujua ameamkaje. Kutokana na "zindua" tumepata "uzinduzi", hata kitabu kipya au daraja jipya hufunguliwa kwa kitenzi kilekile kinachomrudishia fahamu aliyezimia. Na zaidi ya vitenzi hivi vyote tunalo neno "macho". Mtu asiyelala yuko macho. Mlinzi hukaa macho. Mama akimtuma mtoto sokoni penye vibaka humwambia: kaa macho.

Sasa tuje kwenye sarufi, kwa sababu wapo wanaolicheka neno "woke" kwa hoja ya sarufi. Wanasema "stay woke" ni Kiingereza kilichovunjika, kwamba sahihi ni "stay awake", na kwamba kitenzi cha wakati uliopita hakiwezi kusimama mahali pa kivumishi. Wa mwisho kucheka hapo wangepaswa kuwa wazungumzaji wa Kiswahili. Walimu wetu hutumia wiki nzima kuwafundisha wanafunzi wapya kwamba "alilala" na "amelala" si kitu kimoja. "Alilala" ni tukio lililopita. "Amelala" ni hali ya sasa iliyotokana na tukio lile: ukimfungulia mlango mgeni na kumwambia "baba amelala", mgeni hushusha sauti. Ndivyo tunavyosema amechoka, amesimama, amevaa, ameshiba, ameamka. Kiambishi "-me-" huchukua tendo lililokwisha na kulifanya hali inayoendelea. Kiingereza cha Wamarekani Weusi kilifanya kazi ya namna hiyohiyo na "woke": kikachukua umbo la tendo lililopita, kikaliweka liwe hali ya mtu. Ni lugha yenye kanuni zake, na mwenye "-me-" mdomoni mwake anaweza kuielewa kanuni hii kwa urahisi kuliko wengi.

Kama ni hivyo, mbona tusitafsiri "woke" kuwa "ameamka" na kumaliza? Kwa sababu sarufi hutuonyesha umbo, na historia ndiyo hutuonyesha maana. Mwaka 1931, vijana tisa Weusi walikamatwa katika jimbo la Alabama baada ya kushushwa kwenye treni ya mizigo, wakasingiziwa kuwabaka wasichana wawili Wazungu. Kesi ziliendeshwa haraka katika mji wa Scottsboro, na wanane kati yao wakahukumiwa kifo. Kesi yao ilifika Mahakama Kuu ya Marekani zaidi ya mara moja, na miaka mingi ya maisha yao iliishia gerezani. Mwaka 1938 mwanamuziki Huddie Ledbetter, anayejulikana zaidi kama Lead Belly, alirekodi wimbo kuhusu vijana hao, na katika maneno aliyoyasema kando ya wimbo aliwaonya watu Weusi wanaopita sehemu hizo wawe waangalifu na wakae "woke". Hilo ni miongoni mwa matumizi ya kale ya neno hili kwa maana hiyo yaliyohifadhiwa katika sauti.

Tuangalie aliyekuwa akiambiwa ni nani. Hakuwa mtu aliyekuwa amelala, akahitaji kuelimishwa. Mtu Mweusi aliyesafiri Alabama miaka ile alijua vizuri sana hali ya nchi yake. Alichoambiwa ni kwamba asisinzie, aangalie nani amesimama kwenye kituo, nani anamtazama, na njia ya kutokea iko wapi. Ni wasia anaopewa msafiri kabla ya kuondoka nyumbani. Kwa Kiswahili wasia huo hauna tafsiri nyingine iliyo bora: kaa macho. Mtu wa mitaani angesema kaa chonjo, na maana ingefika ileile.

Tuyaweke sasa maneno mengine yanayopendekezwa kwenye mizani. La kwanza ni "mwamko". Ni neno zuri, na lina kazi yake: mwamko wa kisiasa, mwamko wa elimu. Lakini tusikilize linavyotumika nyumbani. Mara nyingi hutoka kinywani mwa kiongozi aliyefika na gari, akiwaambia au akiwasema watu wa kijijini kwamba hawana mwamko wa kusomesha watoto, hawana mwamko wa kujiunga na bima, hawana mwamko wa kupanda miti. Anayesema yuko juu na ameamka; wanaosemwa wako chini na wamelala. Neno "mwamko" hugawa watu mafungu mawili namna hiyo hata msemaji asipokusudia. Tukilitumia kwa "woke", tutakuwa tumewageuza watu walioonyana juu ya hatari kuwa watu wanaojiona wameerevuka kuliko wenzao. Na hiyo ndiyo hasa shutuma ambayo wapinzani wa neno hili wanaitoa leo. Tafsiri ingekuwa imekwisha kuchukua upande kabla msomaji hajafungua ukurasa.

La pili ni "kuzinduka". Nalo halifai, kwa sababu aliyezinduka ni lazima kwanza alikuwa amezimia au amepumbazwa. La tatu ni "kuamka" lenyewe. Kuamka ni tendo la mara moja: ukishaamka, umeamka. Ledbetter hakuwaambia watu waamke. Aliwaambia wabaki katika hali fulani, na kubaki katika hali ni kazi ya kitenzi "kukaa": kukaa kimya, kukaa tayari, kukaa macho.

Ipo hoja ya nne, inayopendwa na wenzetu wenye haraka: tuliazime neno lenyewe. Kiswahili, wanasema, hakina choyo wala aibu ya kukopa. Kitabu kimetoka Uarabuni, meza imetoka Ureno, shule imetoka Ujerumani, na baiskeli imetoka Uingereza. Kwa nini "woke" isipite mlango huohuo? Tunajibu kwamba neno la kukopa huja na maana iliyopo siku ya kukopwa, na siku ya leo ni mbaya kwa neno hili. Mwaka 1962 mwandishi William Melvin Kelley aliandika makala katika gazeti la New York Times, na "woke" imo katika kichwa chake cha habari. Habari yenyewe ilikuwa ni namna maneno ya Wamarekani Weusi yanavyochukuliwa na watu wa nje na kugeuzwa maana, hata wenye maneno wakayaacha na kutafuta mengine. Baada ya kijana Michael Brown kuuawa na polisi mjini Ferguson, Missouri, Agosti 2014, neno likasambaa nchi nzima pamoja na maandamano. Mwaka 2017 kamusi kubwa ya Kiingereza ya Oxford ikaiandika maana yake mpya. Mwaka 2022 jimbo la Florida likapitisha sheria ambayo jina lake lilipangwa kwa makusudi ili herufi za mwanzo zitoe neno WOKE, mbele yake pakiwa na neno la amri ya kulizuia. Kutoka mwaka 1938 hadi 2022, onyo la kuokoa maisha limekuwa jina la kitu cha kupigwa marufuku.

Wengi wetu tuliotoka Afrika Mashariki tulilikuta neno hili likiwa tayari ni tusi. Lilitufikia kwa vipande vya video kwenye simu, likisemwa kwa dhihaka na watu tusiowajua kuhusu watu tusiowajua. Tukilikopa sasa, hicho ndicho tutakachokuwa tumekopa. Mtoto wa Morogoro au wa Kisumu atajifunza kwamba yupo mtu wa kuchekwa anayeitwa hivyo, na hatajua kamwe kwamba nyuma ya neno kuna vijana tisa na treni ya mizigo.

Hapa ndipo jambo hili linapotugusa sisi hasa. Chama chetu kina wanachama wa aina mbili kubwa: waliozaliwa ndani ya Kiswahili na waliokifuata. Miongoni mwa waliokifuata wamo Wamarekani Weusi, na safari yao ya kukifuata Kiswahili haikuanza jana. Mwaka 1966, mwaka mmoja baada ya machafuko ya Watts mjini Los Angeles, Maulana Karenga alianzisha sikukuu ya Kwanzaa, ambayo jina lake limetokana na maneno "matunda ya kwanza". Kila mwaka, kuanzia Desemba 26 hadi Januari 1, familia nyingi za Marekani huulizana "Habari gani?" na kujibizana kwa nguzo ya siku hiyo: umoja, kujichagulia, ujima, ujamaa, nia, kuumba, imani. Sisi tuliolelewa kujibu "nzuri" hutabasamu tukisikia mtu akiulizwa habari gani na kujibu "umoja". Lakini tutazame walichofanya. Walichukua maneno yetu kutoka mbali, katika wakati wa machungu, wakayatunza. Hawakuyageuza kuwa mzaha. Wamewafundisha watoto wao ujamaa kama neno la heshima, hata katika miaka ambayo kwetu Tanzania wengi walilitaja neno hilo kwa kucheka.

Wametukopa maneno saba na kuyalea kwa karibu miaka sitini. Sasa neno moja lao linabisha hodi kwetu. Adabu ya Kiswahili, ile tunayojisifia mbele ya wanafunzi wapya tunapowafundisha shikamoo na hodi, inatutaka tulipokee kwa maana waliyolipa wenyewe, kabla ya maana waliyolipa wanaowadharau. Katika meza yetu ya Kiswahili ya kila wiki, muhula huu neno hili limetajwa kwa mzaha mara nyingi kuliko kwa maana. Wanaokaa kwenye meza hiyo ni pamoja na watu ambao babu zao waliambiwa neno hilo kwa uzito kabla ya kupanda gari kwenda kusini. Kwao si jambo la siasa za runinga tu. Ni maneno ya nyumbani, kama yalivyo maneno ya bibi zetu.

Wapo watakaotuambia tuachane na ugomvi wa wenyewe. Watatukumbusha kwamba aliyelala usimwamshe, ukimwamsha utalala wewe. Watasema pia kwamba chama cha lugha kisijiingize katika siasa za nchi ya watu. Tunaielewa tahadhari hiyo, hasa kwa wenzetu wanaoishi hapa kwa viza. Lakini hatumwombi mtu yeyote abebe bango. Anaweza kuwa na maoni yoyote juu ya uchaguzi, vitabu vya shule au sera za ajira, na bado akatafsiri kwa uaminifu. Tunachosema ni cha kazi yetu wenyewe: sisi ni watu wa maneno, tunahariri gazeti, tunafundishana, na baadhi yetu watakuwa watafsiri na wakalimani mahakamani na hospitalini. Mtafsiri anayeshindwa kutenganisha onyo na tusi ataumiza watu mahali ambapo hakuna mzaha.

Pia si kweli kwamba kila "woke" inayoandikwa leo ni ile ya Ledbetter, nasi hatutaki kudanganya msomaji. Mwanasiasa anaposimama jukwaani akalitema neno hilo kwa kejeli, ukimtafsiri kuwa anawapinga "wanaokaa macho", utakuwa umemwekea kinywani maneno ambayo hakuyasema. Kwa hiyo tunapendekeza njia mbili. Pale neno linapotumiwa na wenyewe, kwa maana ya kujihadhari na dhuluma na kuwa mwangalifu, tuandike kukaa macho au kuwa macho. Pale linapotumiwa kama jina la kejeli, tuliache katika Kiingereza chake ndani ya alama za kunukuu, na mara ya kwanza tueleze kwa sentensi moja kwamba ni neno la dhihaka na linaelekezwa kwa nani. Hapo msomaji wa Kiswahili ataona kwamba ni maneno mawili yenye sauti moja, na ataamua mwenyewe.

Kwa walimu wetu tuna ombi la unyenyekevu. "Wake" isifundishwe kama kisawe kimoja cha "amka" katika orodha ya msamiati. Ifundishwe pamoja na ukoo wake wa Kiswahili: amka, amsha, inuka, damka, zinduka, kesha, kuwa macho. Mwanafunzi apewe sentensi zinazomlazimisha kuchagua. "Wake-up call" ya hotelini ni simu ya kumwamsha mgeni. Ile ya magazetini, baada ya mafuriko au baada ya timu kufungwa, ni onyo au fundisho, wala haihitaji kuwa "wito wa kuamka" kama tunavyoisoma mara kwa mara. "In the wake of" haihusu usingizi kabisa, maana "wake" hiyo ni ya ukoo mwingine, ile alama ya maji inayobaki nyuma ya chombo. Kwetu ni "kufuatia" au "baada ya". Zoezi kama hilo la saa moja lingewafaa wanaojifunza Kiswahili, na lingetufaa pia sisi tunaojidhania tumehitimu Kiingereza.

Kwa wahariri wa gazeti hili tunapendekeza kanuni hizo mbili ziingizwe katika mwongozo wetu wa uandishi kuanzia toleo lijalo. Kwa wanachama tunaomba maneno. Nyumbani kwenu, Pemba au Kigoma, Goma au Lamu, Muscat au Nairobi, mzee humwambiaje kijana anayeondoka usiku kwenda mahali pasipo salama? Tuandikieni maneno hayo kama yanavyosemwa, pamoja na jina la mahali, nasi tutayachapisha yote. Huenda mkatuletea neno lililo bora kuliko "kukaa macho", na tukilipata tutaliandika hilo.